SAFU YA LUGHA: Nyaraka au kifurushi?

Fundi wa kompyuta akikwambia seva yake "imetambua nyaraka zilizobadilika", muulize: nyaraka zipi tena? Waraka tuliupata kwa Waarabu, nao ni karatasi yenye maandishi: barua rasmi, tangazo la wizara. Yeye anazungumzia faili la JAR au WAR, yaani mafaili mengi ya programu ya Java yaliyobanwa pamoja kwa muundo wa ZIP. Hicho ni kifurushi, na kila mnunuzi wa bando analijua neno hilo. Kumbukumbu, tafsiri nyingine ya "archive", nayo haifai. Hiyo tuwaachie Bunge na makatibu wa vikao.

Seva ya WildFly, kwa mipangilio yake ya kawaida, hukagua folda ya vifurushi kila baada ya sekunde 5, ikitazama saa ya badiliko la mwisho. Mfumo wake pepe wa mafaili huionyesha seva yaliyomo ndani kana kwamba ni folda tu, ingawa kifurushi bado kimefungwa. Tena sema "kimebadilishwa". "Kimebadilika" ni kama maziwa yaliyoganda yenyewe, ilhali hapa kuna mtu kaweka toleo jipya. Wenye kuandika miongozo, rekebisheni.