Udongo Kabla ya Mvua

Mwezi wa kumi mwaka jana binti yangu alirudi kutoka shule na mfuko umejaa majani makavu. Hapa Grand Rapids, jimbo la Michigan, mwezi huo miti hugeuka rangi, na watu huweka maboga mlangoni, hufunga mabua ya mahindi kwenye nguzo za baraza, hutundika mashada ya majani na matunda makavu. Mwalimu alikuwa amewaambia wapambe nyumba zao kwa vitu vya asili visivyonunuliwa, halafu kila mtoto aandike jinsi watu wa kwao wanavyopamba nyumba wakati wa vuli.

"Baba, sisi kule Burundi tulipamba na nini?"

Nikamwambia sisi hatukuwa na mambo hayo. Mama yangu alikuwa jikoni anachambua mboga. Akasema bila kugeuka: "Muongo huyo. Ndoo za udongo nani alikuwa anabeba?"

Ni kweli, nilikuwa nabeba mimi. Andiko hili limetoka kwenye ndoo hizo.

Kwanza neno lenyewe. Vitabu vya shule huita vuli majira haya ambayo majani huanguka. Lakini kwa Mswahili wa pwani vuli ni mvua, zile mvua fupi za kuanzia mwezi wa kumi. Kwetu mwambao wa Tanganyika, upande wa Burundi, miezi hiyo pia ni ya mvua: kiangazi, ambacho kwa Kirundi ni *ici*, kimekwisha, jembe limetoka, mbegu ziko ardhini. Kwa hiyo kazi ya kuipamba nyumba sisi tuliifanya kabla, mwezi wa saba na wa nane. Wakati wenzetu huku wanapamba kwa sababu majira yamefika, sisi tulipamba kwa sababu mvua inakuja.

Minago ni mji mdogo kwenye barabara inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge. Upande mmoja ziwa, upande mwingine milima inapanda ghafla, na katikati, kwenye kile kipande chembamba cha tambarare, ndiko watu walipo, pamoja na michikichi, mihogo na ndagala zilizoanikwa mchangani. Watu wa huko huongea Kirundi nyumbani na Kiswahili sokoni, na wengine hawajui tena mpaka uko wapi.

Nyumba za udongo tulizozizoea hazikuwapo tangu zamani. Nyumba ya Kirundi ya kale ilikuwa ya msonge, imefumwa kwa miti, matete na nyasi kutoka kileleni hadi chini. Haikuwa na ukuta wa kupaka. Uzuri wake ulikuwa katika kufuma: mikeka, vikapu vyenye vifuniko vilivyochongoka, na viambaza vya matete vilivyogawa ndani, vyenye michoro ya pembe na misumeno. Nyumba ya pembe nne, yenye ukuta wa fito na udongo, ilienea polepole kutoka nje. Ujiji ilikuwa karibu, mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na mitumbwi ya wafanyabiashara ilipanda na kushuka mwambao huu. Mapadri Weupe walifika Rumonge mwaka 1879 wakitokea huko huko Ujiji. Hawakukaa sana, maana wenzao watatu waliuawa hapo mwezi Mei 1881. Baadaye wakaja Wajerumani, na kuanzia 1916 Wabelgiji, na barabara zao, na nyumba zilizopangwa mstari.

Ukuta ulipokuja, wanawake waliuchukua. Ile misumeno na pembe zilizokuwa kwenye viambaza na vikapu zikahamia kwenye udongo. Huko Gisaka, mashariki mwa Rwanda, wana sanaa inayofanana na hiyo, *imigongo*, ya samadi ya ng'ombe na rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hiyo leo inajulikana duniani kwa sababu ilihamishiwa kwenye mbao, ikauzwa, ikatundikwa hotelini. Ya kwetu ilibaki ukutani, na ukuta ukianguka umeanguka na kila kitu. Ndiyo maana historia yake huikuti kwenye makumbusho. Ipo kwenye mikono ya watu, na mikono hiyo imetawanyika Kigoma, Uvira, Michigan, Australia.

Sasa nieleze kazi yenyewe kama nilivyoiona. Kazi ya kukandika ilikuwa ya wanawake. Sisi watoto wa kiume tulitumwa. Udongo mwekundu ulichimbwa mlimani, juu ya barabara. Mchanga mwembamba ulitoka ziwani. Udongo mweupe, ambao kwa Kirundi ni *ingwa*, ulitoka mahali fulani kwenye kijito, na mahali hapo nitaparudia. Weusi ulikuwa masizi ya chini ya sufuria na makaa yaliyosagwa. Kwetu ng'ombe walikuwa wachache, kwa hiyo samadi iliombwa kwa jirani kama mtu anavyoomba chumvi. Kushikiza rangi, mama alitumia uji mwepesi wa unga wa muhogo.

Kwanza nyufa za mwaka uliopita zinazibwa. Halafu ukuta wote unasilibwa kwa kiganja, si kwa mwiko, kuanzia juu kushuka chini. Ukikauka, inapakwa nyekundu au nyeupe. Halafu chini, kama urefu wa goti la mtu mzima, unawekwa mkanda mweusi mnene, wa udongo uliochanganywa na majivu na masizi. Juu ya mkanda huo ndipo mwanamke anaandika mambo yake: mawimbi, misumeno, samaki, maua. Mwisho kabisa matawi ya mchikichi yanapindwa kuwa tao mlangoni, kama yale ya harusi, na nyasi laini zinatandazwa sebuleni.

Nilikuwa nadhani mkanda mweusi ni urembo tu. Mama ndiye aliyenifungua macho, tena mwaka jana hapa Michigan, mimi nikiwa mtu mzima. Mvua ya vuli ikipiga ardhi inarusha tope, na tope linarukia hadi gotini. Ukuta mweupe ungechafuka siku ya kwanza. Majivu yanawachukiza mchwa. Unene unalinda shina la ukuta lisiliwe na maji. "Urembo ulikuja baadaye," alisema. "Kwanza tulitaka nyumba isianguke."

Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakaua watu wengi, hasa Watutsi. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima dhidi ya Wahutu, wakilengwa zaidi waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 na kufika 300,000. Makumi ya maelfu walikimbilia Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Babu yangu hakukimbia. Alijua kusoma na kupima mawese, basi. Aliitwa siku moja ya mwezi wa tano akaenda na hakurudi.

Kumlilia aliyechukuliwa hivyo kulikuwa hatari. Hapakuwa na matanga, hapakuwa na kaburi. Mama alikuwa na miaka minane. Anakumbuka kwamba kiangazi cha mwaka ule majirani walichimba udongo kama kawaida, na nyogokuru, mama yake, hakuchimba. Nyumba ilibaki na michirizi ya mvua iliyopita. Mkubwa wa kilima akapita, akasema nyumba iliyo barabarani haifai kukaa hivyo. Nyogokuru akajibu, "Udongo umekwisha."

Udongo! Umekwishaje, mlima wote ule?

Mwaka uliofuata alikandika. Lakini kile kiangazi kimoja aliacha ukuta mtupu, na hayo ndiyo yalikuwa matanga ya babu. Kila aliyepita barabarani aliuona ule ukuta, na hapana shaka wengi waliuelewa, na hakuna aliyeweza kumshitaki mtu kwa kutopaka nyumba yake.

Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, vilitufikia kwa miguu yetu mwaka 1996. Tulivuka tukaishia Mtabila, wilaya ya Kasulu. Mwaka wa kwanza tuliishi chini ya turubai, na turubai halikandikwi. Tulipojenga ya udongo, mama na nyogokuru walianza tena. Udongo wa Kasulu ni mwekundu wa kutosha, huo haukuwa shida. Nyeupe ndiyo ilikosekana. Mimi nikaokota vipande vya chaki shuleni, nikavileta mfukoni, mama akavisaga. Mwaka mwingine alipata bluu ya kufulia, na nyumba yetu ikawa na mawimbi ya bluu. Watoto wa kijiji chetu cha kambini wakaiita nyumba ya ziwa.

Kambi ya Mtabila ilifungwa mwisho wa mwaka 2012, na zaidi ya watu 30,000 walirudi Burundi katika miezi ile ya mwisho. Mwezi wa nane mwaka huo tulikwisha kujua kwamba tunaondoka. Mama alikandika hivyo hivyo. Jirani akamcheka: unampakia nani? Mwezi wa kumi na moja tukapanda basi. Nyumba ilibomolewa nyuma yetu, kuta zikiwa na rangi mbichi ya miezi mitatu.

Minago tuliikuta nyumba yetu ya zamani imesimama, na watu ndani. Nao walikuwa wameshuka kutoka milimani wakikimbia vita ile ile, wakakuta nyumba haina mtu. Miaka ile mwambao wote ulikuwa na kesi za namna hiyo, za waliokimbia 1972 na za waliokimbia baadaye, mashamba yakiwa yamebadili mikono mara mbili na mara tatu. Sisi hatukuwa na karatasi. Nyogokuru alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya nyuma, mahali udongo ulipokuwa umebanduka, akaweka kidole. Palionekana matabaka, membamba kama kurasa: jekundu, jeupe, jekundu.

"Hii nyeupe ni yangu," alisema.

Yule mama mwenye kuishi mle akatazama, akasema taratibu, "Na hii ya juu ni yangu, mama."

Alikuwa amekandika kila kiangazi. Bila yeye nyumba ingekuwa imekwisha kurudi ardhini. Wazee wakakaa, kiwanja kikagawanywa kati, wao wakabaki na nyumba, sisi tukajenga pembeni. Sijui kama ilikuwa haki. Nyogokuru alifariki mwaka 2014, amezikwa huko, na yule mama alikuja na maji na kuni siku zote za matanga.

Mwaka 2015 tukatoka tena. Wanaosoma hapa wengi wanaijua Kagunga: kijiji cha wavuvi kati ya mlima na maji, kikijaa makumi ya maelfu ya watu, kipindupindu, na Liemba, meli ya Wajerumani ya tangu 1913, ikitusafirisha kwenda Kigoma. Tukafikia Nyarugusu. Tukapata nyumba ya matofali mabichi. Majirani zetu Wakongo, waliokuwa pale tangu 1996, walikuwa na kuta nzuri ajabu. Mama hakugusa wa kwetu. Viangazi vinne, ukuta mtupu. Niliudhika, hata nikaona aibu wageni walipokuja. Nilidhani amezeeka. Sikujua kwamba aliwahi kuona ukuta wa namna ile akiwa na miaka minane.

Basi turudi kwenye mfuko wa majani. Nyumba tunayokaa ni ya kupanga: hairuhusiwi msumari, hairuhusiwi rangi. Mama alimaliza mboga, akakausha mikono, akakoroga gundi ya unga wa muhogo, akakata boksi la katoni lililoleta viti vyetu. Akamwaga majani sakafuni, akaanza kuyachagua: mekundu huku, ya njano huku, yale meusi yaliyooza kidogo peke yake. Binti yangu alitaka meusi yatupwe.

"Hayo yanakaa chini," mama alisema.

"Kwa nini, bibi?"

"Mvua hupiga chini."

"Lakini hii ni ya dirishani!"

"Hata hivyo."

Wakabandika: mkanda mweusi chini, mawimbi ya njano, wekundu juu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Mtabila. Sikusema kitu, nilishika tu katoni isipinde. Kuhusu maboga ya mlangoni mama hakukubali. Alisema boga ni chakula, na majani yake ni chakula, na wanaoliacha lioze barazani Mungu anawaona.

Nyeupe hatukupata. Nilimwuliza *ingwa* ya Minago ilichimbwa wapi hasa, akasema kwenye kijito, baada ya michikichi mitatu, upande wa kushoto ukipanda. Michikichi hiyo huenda haipo tena, na mimi niliyekuwa nabeba ndoo sikumbuki njia, maana nilikuwa nawaza kuogelea. Kama wewe unatoka Minago, au Magara, au Kizuka, na mama yako bado yupo, muulize leo: nyeupe mlichimba wapi, mlishikiza na nini, na mwaka gani hamkukandika. Yaandike, utuletee hapa.