Nyaraka za Dola: Daftari la Taifa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo yahusu biashara, lakini yalifaa taifa vilevile.

Kigobe, mtaa wa mji wa Bujumbura, lipo jumba ambamo Bunge la Taifa la Burundi limekutana kwa miaka mingi. Kila sheria huacha karatasi nyuma yake: mswada, ripoti ya kamati, kumbukumbu za mjadala, na mwishowe sheria yenyewe katika gazeti rasmi la serikali. Gazeti hilo hupigwa chapa nakala nyingi, na maktaba huliweka. Likipotea hapa, litapatikana pengine. Lakini barua ya mtawala au daftari la kodi mara nyingi halina nakala ya pili. Hizo ndizo nyaraka. Kitabu kikiungua hununuliwa kingine; waraka ukiungua, shahidi amekufa.

Nyaraka za Burundi zimesafiri pamoja na watawala wake. Wajerumani waliweka boma Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1912 wakahamishia makao yao ya Urundi huko Gitega. Serikali yao kuu ilikuwa Dar es Salaam. Kwa hiyo atafutaye habari za enzi hiyo hana budi kubisha hodi pia katika Nyaraka za Taifa za Tanzania, ambazo hazina yake ya Kijerumani iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia mwaka 1997. Wabelgiji waliingia mwaka 1916, wakaitawala Ruanda na Urundi kwa pamoja kutoka Usumbura. Uhuru ulipokaribia, nao ukapatikana tarehe 1 Julai 1962, mafaili mengi yalipelekwa Brussels. Mwenye nyumba akabaki na nyumba. Hati akazichukua mgeni.

Je, haya yatuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili? Yatuhusu sana. Lugha yetu ilifika mwambao wa Ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya biashara, kabla ya bendera ya Kijerumani. Wajerumani waliitumia katika utawala. Wabelgiji wakaipa kisogo shuleni. Hata hivyo iliendelea kuishi sokoni na katika mitaa kama Buyenzi. Akitokea mtu akadai kwamba Kiswahili ni mgeni wa jana nchini Burundi, jibu halipatikani kwa kupaza sauti. Hupatikana kwa kufungua faili. Na faili likiwa ng'ambo, kijana wa Bujumbura atahitaji nauli na viza ili asome habari za babu yake.

Tutazame Zanzibar. Hifadhi ya Nyaraka iliyoko Kilimani ina barua, hati na maandiko ya tangu enzi za masultani, na mkusanyo wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliingia katika orodha hiyohiyo ya UNESCO mwaka 2003. Mtafiti wa historia ya Zanzibar aweza kuanzia kazi yake nyumbani.

Tangu mwaka 2019 Gitega imekuwa makao makuu ya kisiasa ya Burundi. Kila ofisi inapohama, kuna masanduku, na kila sanduku lisiloandikwa kilichomo laweza kupotea. Ndiyo maana kazi ya mtunza nyaraka, anayepanga, kuandika orodha na kukinga karatasi na mchwa na unyevu, ni kazi ya kulinda taifa.

Nasi walimu tunao wajibu wetu. Shule zetu zina madaftari ya mahudhurio, kumbukumbu za mikutano na barua za wazazi wa zamani. Tusiyaache yaishie kufungia karanga. Tuyapange, tuyaandikie tarehe, tuwaoneshe wanafunzi. Atakayezoea kuheshimu daftari la shule yake ndiye atakayelidai, na kulitunza, daftari la taifa lake.