Katizo la Maunzi: Kutoka Mashine ya X1 hadi Viendeshi vya Mifumo Pachikwa

Kompyuta za mwanzo zilipohitaji kifaa cha nje, kama vile taipureta ya kuchapia matokeo, zilikingoja. Kichakataji chenye uwezo wa kutekeleza maelfu ya amri kwa sekunde kilibaki kikiuliza swali lile lile hadi kifaa kilipomaliza kazi yake. Mashine ya DYSEAC, iliyokamilika nchini Marekani mwaka 1954, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kukiruhusu kifaa chenyewe kuanzisha mawasiliano. Hata hivyo, tukio lenye mafunzo mengi zaidi kwa historia ya katizo lilitokea Amsterdam.

Bram Loopstra na Carel Scholten walipokuwa wakisanifu mashine ya Electrologica X1, mwishoni mwa miaka ya 1950, walipendekeza iwe na katizo. Edsger Dijkstra, aliyepaswa kuiandikia programu za msingi, alishtuka, na kwa mujibu wa kumbukumbu zake mwenyewe aliuchelewesha uamuzi kwa miezi kadhaa. Hofu yake ilikuwa na msingi. Katizo huweza kuja baada ya amri yoyote. Programu ikiendeshwa mara mia kwa data ile ile, kila mara hukatizwa mahali tofauti, na kosa lililojitokeza leo huenda kesho lisionekane tena. Majaribio, ambayo ndiyo yalikuwa tegemeo la mwandishi wa programu, hayakutosha tena.

Alipokubali, ilimbidi aonyeshe kwa hoja kwamba programu ya kushughulikia katizo huhifadhi hali yote ya kichakataji, huzuia makatizo mengine pale inapolazimu, kisha hurejesha kila kitu kama kilivyokuwa. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1959 ilijengwa juu ya kazi hiyo. Ni haki kusema kwamba msimamo wake wa baadaye, wa kuthibitisha programu badala ya kuijaribu tu, una mzizi mmojawapo hapo.

Hapa suala la istilahi linajitokeza. Neno la Kiingereza lina asili ya Kilatini yenye maana ya kuvunja katikati, na kitenzi cha Kiswahili *katiza* kimeifuata maana hiyo kwa uaminifu, pengine kupita kiasi. Anayekatizwa kauli si lazima aimalize. Programu iliyokatizwa ni lazima iendelee pale pale ilipoachwa. Aidha, neno moja hubeba mambo mawili: ombi la kifaa na huduma inayolifuata. Desturi ya hodi hutenganisha mambo hayo vizuri zaidi, kwa kuwa mgeni hubisha na mwenyeji huamua wakati wa kumkaribisha. Si lazima *katizo* liachwe, lakini *ombi la katizo* na *kishughulikia katizo* zinastahili kuwa istilahi mbili katika kila kamusi na mtaala.

Tofauti hiyo ina uzito katika utendaji. Katika Linux, mfumo ulioanza mwaka 1991 na ambao leo huendesha vifaa vingi vilivyopachikwa, mwandishi wa kiendeshi husajili kishughulikia chake kwa namba ya njia ya katizo. Kishughulikia hicho hakiruhusiwi kulala wala kungoja: hufanya machache ya dharura, na kazi ndefu huahirishwa. Huhitajika pia kueleza kama ombi hutambuliwa kwa badiliko la ishara au kwa kiwango chake. Inapotumika njia ya pili, kiendeshi kisipokiarifu kifaa kwamba ombi limepokelewa, ishara hubaki imewashwa na kishughulikia huitwa tena na tena hadi kichakataji kikose nafasi ya kazi nyingine. Inapotumika njia ya kwanza, ombi linaweza kupita bila kuonekana, na kitambuzi kikanyamaza bila ujumbe wowote wa kosa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba katizo ni kukata tu atalitafuta kosa hilo katika nyaya za kitambuzi, ilhali limo katika mistari michache ya kishughulikia chake.