Dobrošov, ngome iliyoshindwa mezani

Ndani ya kilima cha Dobrošov, karibu na mji wa Náchod katika Jamhuri ya Cheki, kuna mahandaki yaliyochongwa kwenye mwamba ambayo mengine hayakuwahi kufunikwa zege. Ujenzi wa ngome hii ulianza mwaka 1937. Kati ya majengo saba yaliyopangwa, ni matatu tu, Zelený, Můstek na Jeřáb, yaliyopata kuta zake, na mizinga mikubwa ya ngome haikufika kamwe. Leo wageni hulipa kiingilio kuitazama kazi hiyo iliyoachwa njiani. Wengi huiona kama ushahidi wa nchi iliyochelewa kujiandaa. Mimi naona inathibitisha jambo jingine: Chekoslovakia iliangushwa na maamuzi ya wakubwa waliokaa mbali na mpaka wake.

Tazama kazi yenyewe. Tangu 1935, kwa kufuata mfano na ushauri wa Wafaransa waliokuwa washirika wao, Wacheki walijenga vibanda vidogo vya bunduki vipatavyo 10,000 na majengo mazito zaidi ya 250. Kwenye majengo imara kuliko yote, ukuta unaomkabili adui ulikuwa na unene wa mita 3.5. Zege lilimiminwa usiku na mchana bila kupumzika, kwa sababu tabaka likikauka kabla ya jingine kumwagwa, pale ndipo kombora lingepasua. Watu wanaofanya kazi hivyo hawajakata tamaa. Mnamo Septemba 23, 1938 serikali iliita askari wa akiba, nao wakaitika. Wiki moja baadaye Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Italia zilitia saini mkataba wa Munich, ukampa Hitler maeneo ya mpakani pamoja na ngome nyingi zilizokuwamo. Chekoslovakia yenyewe haikupewa kiti kwenye mazungumzo hayo.

Wapo watakaosema ngome zisingefaa kitu, kwa kuwa Austria ilikuwa imetwaliwa Machi 1938 na mpaka wa kusini ulikuwa na ulinzi hafifu. Tena mwaka 1940 Wajerumani waliupita ukuta wa Maginot, ngome za mpakani za Ufaransa, kupitia misitu ya Ardennes. Hoja hiyo ina uzito, nami sidai kwamba Wacheki wangeshinda peke yao. Lakini ngome ya mpakani hujengwa ili kumchelewesha adui hadi mshirika afike, na Munich ilimwondoa mshirika huyo. Wajerumani wenyewe hawakulidharau zege hilo: walilitumia kufanyia mazoezi kabla ya kuishambulia ngome ya Eben-Emael nchini Ubelgiji, Mei 1940.

Ndiyo maana wanaoitunza Dobrošov wasishawishike kuikamilisha kwa mizinga ya kuigiza. Waimarishe ngazi, wakaushe maji, waweke taa, na pale kazi ilipokatika paachwe vilevile. Anayeizuru aelezwe waziwazi ni akina nani waliotia saini, na lini.