Mwenye ghorofa ni nani?

Niko Iguguno. Nimekuja kupumzika wiki moja, nikidhani kesi za Dar es Salaam nimeziacha huko huko. Wapi! Jana jioni baba mkubwa kanikalisha chini. Kaka yangu, mwanawe, alinunua fleti mjini, na ng'ombe watatu wa zizi hili waliuzwa kumchangia. Sasa anataka kuiuza. Kila mwezi analipa ada ya huduma kwa kampuni inayosimamia jengo, lakini lifti imekufa na pampu ya maji inafanya kazi ikijisikia. Majirani zake wamegoma kulipa. Kampuni nayo inasema bila hela haitengenezi kitu.

"Hiyo kampuni ndiyo mwenye nyumba?" mzee akauliza.

Nikamjibu hapana.

"Sasa mbona mwanangu anaiogopa?"

Swali hilo limeninyima usingizi. Nadhani jibu liko kwenye historia yetu.

Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, ikatungwa sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mengi yalikuwa mali ya watu wenye asili ya Asia. Hapo akazaliwa Msajili wa Majumba. Waliokaa Upanga na Kariakoo enzi hizo wanalijua jina hilo. Bomba likipasuka, unamwandikia Msajili. Ngazi zikiwa giza, Msajili. Mwaka 1990 majengo yake yakahamishiwa Shirika la Nyumba, na barua za malalamiko zikabadilisha anwani tu. Kwa miaka mingi mkaaji wa ghorofa alikuwa mpangaji: analipa kodi, analalamika, anasubiri.

Sheria mahsusi ya kumpa mtu hati ya sehemu ya jengo ilikuja mwaka 2008. Kwa sheria hiyo, anayenunua fleti anapata pia fungu lake katika vitu vya pamoja, kama paa na ngazi. Wamiliki wanakuwa na chama chao cha kuvisimamia. Kwa hiyo kampuni inayokusanya ada ni kibarua wao.

Tatizo ni kwamba sheria ilibadilika, mazoea yakabaki. Kugoma kulipa ni silaha ya mpangaji. Mwenye mali akigoma anajigomea mwenyewe, maana paa linalovuja ni lake. Kampuni nazo zimerithi kiburi cha mwenye nyumba: ukiomba kuona hesabu, unaonekana mkorofi.

Hapa kijijini hakuna ghorofa, lakini mali ya pamoja watu wanaijua. Kwenye kikao cha maji, mtunza hazina anasimama na daftari, anasoma kilichoingia na kilichotoka. Asipoeleweka anaulizwa papo hapo. Hata kwenye ardhi, sheria ya mwaka 1999 ilivipa vijiji baraza la watu saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha kwanza.

Kwa nini wasomi wa ghorofani washindwe? Waitishe kikao cha wamiliki. Wadai mkataba wa kampuni na hesabu za mwaka mzima. Wanaodaiwa walipe, kampuni ipewe muda wa kutengeneza lifti kwa maandishi. Ikishindwa, mkataba wake ufuatwe, itafutwe nyingine. Mahakamani iwe mwisho wa safari.

Asubuhi nimempigia kaka nikamweleza. Kimya kidogo, kisha akakiri kwamba katika jengo zima anawajua majirani wawili kwa majina. Miaka minne anaishi pale! Ameahidi kuanza na hao wawili, wagonge milango Jumapili hii.

Baba mkubwa naye ametuma ujumbe wake: fleti ikiuzwa, ng'ombe wake watatu warudi zizini.