Wimbo ulionyamazishwa na jina lake



Mwezi wa tano 2023, siku chache baada ya maji kufagia Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe na kuua watu zaidi ya 400, niliweka kwenye antena wimbo mmoja wa mapenzi ambamo mwimbaji anaiomba mvua inyeshe. Sikufikiri kitu. Ni wimbo wa kila siku, hata kwenye arusi unapigwa. Haujafika katikati, simu ya studio ikalia. Alikuwa mama mmoja. Hakutaja jina, alisema tu kwa sauti ya chini: "Mwanangu, tafazali, mvua hapana." Niliukata palepale. Mpaka leo sijaurudisha, na sijui ni nani wa kuniambia kwamba siku ya kuurudisha imefika.

Watu wa redio wa Japani walikutana na swali hilo kabla yangu, tena kwa wimbo uliopendwa kuliko karibu nyimbo zote za inchi yao. Ndiyo maana leo nawaletea historia ya orkestra inayoitwa Southern All Stars, ambayo wapenzi wake huiita Sazan tu.

Walianza kama wanafunzi wa chuo kikuu cha Aoyama Gakuin, mjini Tokyo. Mkuu wao, mtunzi na mwimbaji, ni Keisuke Kuwata, aliyezaliwa 1956 huko Chigasaki, mji wa pwani katika mkoa wa Kanagawa. Tarehe 25 mwezi wa sita 1978 walitoa wimbo wao wa kwanza, "Katte ni Sindbad". Hata jina lake lilikuwa mzaha: walichukua majina ya nyimbo mbili za watu wengine zilizovuma mwaka uliotangulia, moja ya wasichana wa Pink Lady na nyingine ya Kenji Sawada, wakayachanganya. Kuwata aliimba mbiombio, akimeza maneno, mpaka Kijapani chake kikasikika kama Kiingereza. Wengi waliwaona kama wacheshi wa kupita.

Mwaka uliofuata wakatoa "Itoshi no Ellie", wimbo wa polepole wa mapenzi, na wale waliocheka wakanyamaza. Miaka kumi baadaye, 1989, Ray Charles wa Marekani, yule kipofu wa piano, aliuimba kwa Kiingereza, ukapigwa kwenye tangazo la whisky la Japani. Kwa mtunzi ambaye alikua akisikiliza muziki wa Marekani, sijui kama kuna heshima inayozidi hiyo. Mpiga kinanda wa orkestra, Yuko Hara, aliolewa na Kuwata mwaka 1982, na wanapiga pamoja hata leo. Wengine waliobaki ni Kazuyuki Sekiguchi wa besi, Hiroshi Matsuda wa drams na Hideyuki Nozawa wa ngoma za mkono. Takashi Omori wa gitaa alitoka 2001. Sisi tuliozoea orkestra za Kinshasa kuvunjika kila baada ya miaka michache, tunashangaa kidogo.

Lakini jambo la kushika ni hili: Sazan ni orkestra ya bahari. Kuwata ni mtoto wa ufuko, na nyimbo zao nyingi zinanukia chumvi na jua la mwezi wa nane. Kuna "Chako no Kaigan Monogatari" ya 1982, ambayo ni hadithi ya pwani hata kwa jina lake. Kuna "Manatsu no Kajitsu" ya 1990, iliyotoka katika filamu ambayo Kuwata mwenyewe aliiongoza, juu ya vijana wanaopanda mawimbi kwa mbao. Kwa Wajapani wa kizazi hicho, likizo ya majira ya joto bila Sazan ni kama Noeli bila nyimbo za kwaya. Stesheni ya treni ya Chigasaki, tangu 2014, inapiga sauti ya wimbo wao mmoja treni zinapotaka kuondoka.

Basi tarehe 26 mwezi wa kwanza 2000 ukatoka "TSUNAMI".

Neno hilo ni la Kijapani, na maana yake ni wimbi la bandarini. Lakini wimbo hausemi juu ya maafa. Ni mwanaume dhaifu mbele ya anayempenda, na huzuni inayomfunika moyo ndiyo anayoilinganisha na wimbi kubwa. Ulipigwa kwenye kipindi cha televisheni juu ya vijana wanaopendana, watu wakalia, wakanunua. Ziliuzwa diski zaidi ya milioni mbili na nusu, na mwisho wa mwaka wimbo ukapata Tuzo la Diski la Japani, ambalo kule ni zawadi kubwa ya muziki. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeona ubaya katika jina hilo. Lilikuwa jina tu.

Tarehe 11 mwezi wa tatu 2011, saa nane na dakika 46 mchana, ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 9.0 chini ya bahari, mashariki ya Japani. Kisha maji yakaja. Karibu watu 16,000 walikufa, wengine zaidi ya 2,500 hawajaonekana mpaka leo, na watu zaidi ya 400,000 walijikuta wahami, wakilala kwenye vyumba vya shule na viwanja vya michezo vyenye paa.

Wimbo ukatoka kwenye redio. Serikali haikutoa sheria, hakuna waziri aliyesaini barua. Kila redio ilijizuia yenyewe, na mimi nawaelewa. Nani angekaa mbele ya mikrofoni na kulitamka jina hilo kwa sauti ya furaha, huku wazazi wakitafuta watoto kwenye matope?

Kuwata mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye upasuaji wa kansa ya umio, uliofanyika 2010. Tarehe 10 na 11 mwezi wa tisa, nusu mwaka kamili baada ya maafa, alikwenda kuimba katika mkoa wa Miyagi, ndani ya ukumbi mkubwa ambao miezi michache mbele ulikuwa mahali pa kulaza maiti. Fikirieni kusimama hapo na gitaa. Kuhusu "TSUNAMI", alieleza kwamba anatumaini siku moja, huzuni ikipungua na watu wakimwomba, ataweza kuuimba tena. Yaani aliuweka mikononi mwa wafiwa. Hakusema miaka mingapi.

Sasa twende Onagawa, mji mdogo wa wavuvi katika mkoa huohuo. Ulikuwa na watu karibu 10,000. Wimbi lilipanda zaidi ya mita 14, na watu zaidi ya 800 walikufa au kupotea. Sheria ya Japani inaruhusu mji uliopatwa na maafa kufungua redio ya muda kwa haraka, na mwezi wa nne 2011 Onagawa ikafungua yake, Onagawa Saigai FM. Waliosema humo walikuwa wenyeji, na wengi wao hawakuwahi kufanya kazi ya redio. Redio za namna hiyo hazina mapambo: maji yanagawiwa wapi, basi linapita saa ngapi, ofisi gani imefunguliwa. Ninyi mlio kambini mnajua habari hizo zina uzito gani kuliko hotuba.

Iliishi karibu miaka mitano. Mwezi wa tatu 2016, siku zake za mwisho, Kuwata alifika Onagawa akaimba mbele ya wenyeji. Kisha tarehe 29 redio ikafungwa, kwa sababu kazi yake ilikuwa imekwisha. Watangazaji walichagua wenyewe wimbo wa kufungia. Ulikuwa "TSUNAMI".

Redio kubwa za Tokyo zilikuwa bado zinauogopa. Hawa, ambao maji yalichukua nyumba zao na jamaa zao, waliuweka, ukapigwa, na masafa yakanyamaza.

Yule mama wa mwaka 2023 hajapiga simu tena. Wimbo wa mvua bado uko kwenye kompyuta ya studio, na namba ya simu haijabadilika.