Msaada wa kisaikolojia kwa familia zilizohama zenye watoto wenye mahitaji maalumu

Ni huduma ya kumsikiliza, kumtuliza na kumwongoza mzazi aliyeondoka kwake kwa sababu ya vita, mafuriko, ukame, amri ya serikali au hofu ya mtoto wake kuuawa, huku akimlea mtoto mwenye ulemavu, usonji au kifafa. Nchini Tanzania huduma hii imekuwa ikihusishwa zaidi na kambi za wakimbizi za mkoa wa Kigoma, kama Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Lakini familia inayohamia kwingine, kwa mfano Haneti, kata ya wilaya ya Chamwino kaskazini mwa jiji la Dodoma, haina kambi wala shirika la kuipokea. Tegemeo lake ni afisa ustawi wa jamii, mhudumu wa afya na jirani mpya.

Kuhama humuumiza mtoto huyu kwa namna yake. Mwenye kifafa hukatikiwa na dawa njiani, na kifafa kikarudi kwa nguvu. Mwenye usonji, aliyezoea mlango uleule na kikombe kilekile, hupiga kelele usiku kucha na majirani wakalalamika. Mwenye mtindio wa ubongo ameacha nyuma kiti cha mbao alichochongewa na fundi wa kijijini, hivyo mama humpakata kutwa. Akienda kisimani humbeba mgongoni, hata akiwa na miaka saba, kwa kuwa hana wa kumwachia. Kule walikotoka alikuwepo bibi, alikuwepo shangazi, alikuwepo mtu aliyejua kwamba mlio ule ni wa njaa na huu ni wa maumivu. Ugenini mama ndiye pekee anayejua, na wengi huanza kumwuliza amefanya kosa gani hata akazaa mtoto wa namna hiyo. Baba wengine huondoka hapo.

Ugogo, eneo la Wagogo la Dodoma, unaijua hali ya kuhamishwa. Katika Operesheni Dodoma, mwaka 1971, Wagogo walitolewa kwenye matembe yaliyotawanyika wakakusanywa katika vijiji vya ujamaa. Nyumba zilisogezwa karibu, lakini ujirani wa kulea haujengwi kwa amri.

Mfano mzito zaidi ni wa watoto wenye ualbino. Mauaji yaliyoshamiri Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, yalizikimbiza familia nyingi. Serikali iliwakusanya watoto katika shule na vituo kama Buhangija mjini Shinyanga, Mitindo wilayani Misungwi na Kabanga wilayani Kasulu. Kabanga baadhi ya mama walihamia pamoja na watoto wao. Kwingine mtoto aliachwa peke yake, mdogo kiasi cha kusahau sura za wazazi. Vituo viliokoa maisha, na hilo lisibezwe. Ila mtoto aliyekaa miaka bila kutembelewa huishia kuamini kwamba kwao hatakiwi. Ikponwosa Ero, aliyekuwa mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ualbino, alipozuru Tanzania Julai 2017 alihimiza watoto warejeshwe kwa familia zao.

Kuhusu mbinu, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2007 wa afya ya akili katika dharura huipanga misaada kwa ngazi nne: chini kabisa ni usalama na mahitaji ya msingi, kisha familia na jamii, kisha msaada wa watu waliopewa mafunzo mafupi, na juu ni wataalamu. Mpango huu una busara, maana mama asiye na maji hawezi kutulizwa kwa maneno. Katika makazi ya Rhino, Uganda, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walikutana kwa vipindi vitano kusikiliza mafunzo yaliyorekodiwa, wakiongozwa na watu wasio wataalamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba dhiki yao ilipungua. Kozi hiyo haikutungwa kwa ajili ya wazazi wa watoto wenye ulemavu, lakini hao ndio wangeihitaji zaidi, mradi mtoto apate wa kumshika saa ile.

Chamwino ina shule ya wasioona ya Buigiri, na jijini Dodoma ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, iliyoanza mwaka 1927. Mzazi wa Haneti aliyeelemewa huogopa kuelekezwa Mirembe, kwa kuwa jina hilo limekuwa tusi mitaani. Kwa sababu hiyo mazungumzo ya kwanza hufaa yafanyike zahanati, siku ya kliniki ya watoto, wala hayahitaji kuitwa matibabu ya akili.

Mtoto anaporudishwa nyumbani kutoka kituoni, kazi huanza kabla hajafika. Afisa ustawi hukutana na mwenyekiti wa kitongoji na mwalimu mkuu, huwaketisha wazazi wote wawili, humtafuta jirani aliye tayari kumpokea mtoto mama anapokwenda shamba, na humwandalia mwenye ualbino kofia pana, mafuta ya kukinga jua na dawati la mbele. Ziara za kumfuatilia huendelea muhula mzima wa kwanza.